Nairobi hadi Sagana kwa baiskeli kupitia Masinga: mwongozo wa msafara wa siku nne kando ya mito

Ukitazama ramani, safari ya kando ya mto huonekana nyepesi. Mto unateremka, basi na barabara itateremka nao. Wanaoamini hivyo huumia siku ya kwanza, kwa sababu kinachowamaliza waendesha baiskeli ni vijito. Upande wa Murang'a, vijito vinashuka kutoka milima ya Aberdare kimoja baada ya kingine kuelekea Tana, na barabara inayovikata haina budi kushuka bondeni, kupanda mgongo, kisha kushuka tena, kutwa nzima. Mtu mmoja mwenye baiskeli tupu ataifurahia. Watu kumi wenye mizigo watakuwa wamekatika vipande vitatu kabla ya saa sita mchana, na wa mwisho hajui kama wa kwanza amekata kona gani.

Kwa hiyo msafara huu unaizunguka migongo hiyo. Unatoka Nairobi kupitia Thika, unaugusa Mto Athi pale Kilimambogo, unashika barabara ya Garissa juu ya nyanda za Yatta, kisha unageuka kaskazini kuvuka Tana kwenye mabwawa na kurudi kupitia Embu na mashamba ya mpunga ya Mwea hadi Sagana. Ni kama km 265 kwa siku nne. Kutoka Sagana mnarudi Nairobi kwa gari, na tunashauri hivyo kwa kusudi: ile siku ya tano ni km 100 nyingine za kupanda katikati ya malori, na kundi lililochoka ndilo linaloanguka.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Epukeni masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hata mkibaki kwenye lami, vipande vya kuingilia malazi na mashamba ni vya udongo mweusi unaonata. Ukilowa kidogo tu unajaa kati ya tairi na madgadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na hapo baiskeli inabebwa begani.

Njia, siku kwa siku

Siku ya kwanza ni Nairobi hadi mji wa Ol Donyo Sabuk, kama km 60 mkianzia Roysambu. Kutaneni saa kumi na moja na nusu asubuhi, muondoke saa kumi na mbili kamili. Kaeni kwenye barabara ya pembeni ya Thika Road, msiingie katikati kwenye njia za magari ya kasi. Hatari ya hapa iko mahali magari yanapoingia na kutoka, kama Githurai, Ruiru na Juja, ambapo matatu hukata kushoto ghafla kuwahi stejini. Matatu ikikupita na kuwasha indiketa ya kushoto, acha kukanyaga mara moja. Usijaribu kuiwahi kwa kupenya kati yake na ukingo.

Thika ni kituo cha chai. Baada ya hapo mnashika barabara ya Garissa, mashamba ya mananasi yanaanza na kivuli kinakwisha. Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 unaoitwa pia Kilimambogo, unauona mbele yako muda mrefu kabla hujaufikia. Maporomoko ya Fourteen Falls yako karibu na hapo, nanyi mtafika mapema kiasi cha kuyaona. Tazameni tu. Maji ya Athi yanapokea Mto Nairobi kabla ya kufika maporomoko, pamoja na taka zote za jiji, na mara nyingi utaona povu jeupe likielea chini ya miamba. Kuchemsha au kutia dawa ya klorini huua vijidudu lakini hakuondoi kemikali. Maji hayo hayafai kunywa, kuoga wala kuoshea sufuria.

Siku ya pili ndiyo ngumu kuliko zote ingawa ramani inaionyesha kuwa tambarare: kama km 85 kupitia Matuu na Kangonde hadi Masinga. Mnaelekea mashariki na upepo hutoka huko huko. Alfajiri umelala, kufikia saa nne unawapiga usoni. Tokeni saa kumi na mbili, mle kiamsha kinywa cha pili Matuu, na mjaze maji hapo. Matuu ina kijani ambacho huwashangaza wageni: ni kazi ya mfereji wa Yatta, unaoleta maji kutoka Mto Thika na uliochimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, enzi ya vita vya Mau Mau. Nunueni mapapai na maembe sokoni hapo, maana mbele vibanda vinapungua. Kangonde mnageuka kushoto, njia ya Embu, na joto linazidi kadiri mnavyoshuka kuelekea bwawa.

Siku ya tatu, kama km 70, mnaukuta Tana. Masinga, lililoanza kazi mwaka 1981, ndilo bwawa la juu kabisa katika mlolongo wa mabwawa matano ya umeme. Kamburu la 1974 linafuata, kisha Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Msipige picha za kuta za mabwawa wala mitambo bila kuwauliza walinzi. Pia msishuke kupumzika kwenye mawe ya mto chini ya bwawa: maji yakifunguliwa juu, usawa hupanda bila mvua na bila sauti ya kuwaonya. Kutoka mtoni, kwenye mita 1,000 hivi, hadi Embu kwenye mita 1,350 ni kupanda kwa subira kupitia Kiritiri. Hapa kila mtu apande kwa mwendo wake na kundi lisubiriane Kiritiri.

Siku ya nne ni zawadi: kama km 50, nyingi za kuteremka, Embu hadi Sagana kupitia Kimbimbi, Wang'uru na Makutano. Barabara ina boda boda wengi na wakulima huanika mpunga kwenye maturubai pembeni kabisa mwa lami. Msipite juu ya mpunga wa mtu hata kama gari linawabana. Simameni.

Baiskeli, wiki mbili kabla

Ukaguzi ufanywe wiki mbili kabla ya safari ili kukitokea kasoro kuwe na muda wa kununua kipuri na kukijaribu. Baiskeli iliyofungwa cheni mpya jana usiku ni baiskeli isiyojulikana.

Cheni ipimeni kwa rula. Kutoka katikati ya pini ya 1 hadi katikati ya pini ya 25 ni mm 305. Ikifika mm 307, badilisha, kwa sababu cheni iliyorefuka hula meno ya friwili na itaruka mkipanda Kiritiri. Pedi za breki zikibaki mm 2, weka mpya. Shika gurudumu la nyuma juu, lisukume kushoto na kulia: likicheza, beringi zinataka kukazwa au kutiwa grisi. Boliti za keria zikazwe na zirudiwe kila jioni, maana mtikisiko wa matuta madogo ya kupunguza mwendo huzilegeza polepole hadi keria inaangukia tairi.

Tairi pana ni bora. Ya mm 40 yenye mzigo, jaza psi 50 nyuma na 40 mbele. Pana zaidi, punguza. Dawa ya tairi ya kumwaga ndani inafaa sana njia hii kwa sababu ya miiba. Kumbukeni kwamba pampu za vituo vya petroli huingia kwenye valvu nene kama ya gari tu. Mwenye valvu nyembamba abebe adapta yake. Maduka ya vijijini yana tyubu za inchi 26 na za 28 za baiskeli za Black Mamba. Ukiwa na gurudumu la aina nyingine na tyubu zimekwisha, ya 26 huvutika ikaingia kwenye gurudumu kubwa zaidi na kukufikisha mjini.

Mzigo wa mtu usizidi kilo 10 na uwe chini, pande zote mbili za keria. Wengi hufunga kwa blada, na blada ni nzuri, ila ncha yake ipenyezwe na kufungwa kabisa. Ncha inayoning'inia ikinaswa na spoki, gurudumu la nyuma hujifunga ghafla na wanaokufuata wanakurukia.

Kwa kundi la watu kumi, bebeni pamoja: pampu mbili, viraka 20 na gundi mbili ambazo hazijafunguliwa (iliyofunguliwa hukauka ndani ya tyubu yake), vijiti sita vya kubanulia tairi, alenki seti mbili, kifaa cha kukatia cheni na pingili tatu za kuungia, waya za gia na breki, kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 10 cha kuweka ndani ya tairi iliyochanika, na spoki za urefu halisi wa magurudumu yenu. Spoki zifungeni kwa utepe kwenye fremu zisipinde. Kila mtu abebe tyubu zake mbili.

Spoki huvunjika zaidi upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, upande wa cheni, kwa kuwa hapo zimekazwa sana kuliko kwingine. Kuweka mpya kunahitaji kufungua friwili, kazi ya fundi wa mjini. Barabarani fanya hivi: izungushie spoki iliyokatika kwenye jirani yake isije ikagonga, legeza spoki mbili jirani za upande wa kushoto nusu mzunguko kila moja ili rimu irudi katikati, fungua breki ya nyuma kidogo, hamishia mzigo kwa mwenzako, endelea taratibu.

Mbigili

Kutoka Kilimambogo hadi Embu adui mkubwa ni mmea mdogo unaotambaa, wenye maua ya manjano. Mbegu ya mbigili ina miiba kila upande. Ikianguka vyovyote, mwiba mmoja unaelekea juu. Hujaa pembeni mwa lami, mahali ambapo watu huvuta baiskeli wakapumzike chini ya mti. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: ukitoka barabarani, inua baiskeli, usiisukume.

Pancha ikitokea, kabla ya kutoa tairi weka alama kwa kalamu pale inapokutana na valvu. Toa tyubu, ijaze upepo, tafuta tundu kwa kuipitisha karibu na mdomo au shavu, kisha ilaze juu ya tairi kwa kufuata alama. Sasa unajua mwiba uko wapi, au pande mbili unapoweza kuwa. Uchomoe, lakini usiishie hapo. Chukua kitambaa, si kidole, pitisha ndani ya tairi mzunguko mzima. Kinaponasa ndipo pana mwiba mwingine. Mbigili haziji moja, na pancha inayorudi baada ya dakika kumi ni ule mwiba wa pili ambao hakuna aliyeutafuta.

Sugua mahali pa tundu hadi pawe pa kukwaruza, pasipong'aa, paka gundi nyembamba kupita ukubwa wa kiraka, kisha subiri. Dakika tano, hata kama wenzako wanakuita. Gundi ikigeuka kutoka kung'aa na kuwa hafifu, ndipo weka kiraka na kukikandamiza kwa nguvu kuanzia katikati. Viraka vinavyobanduka kwenye joto la Masinga karibu vyote viliwekwa gundi ikiwa mbichi. Ukikuta matundu mawili madogo sambamba, usitafute mwiba: tairi ilikuwa na upepo kidogo ikabana tyubu kwenye rimu ulipogonga shimo.

Kundi barabarani

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha, wagawanywe makundi ya wanne hadi sita, na kati ya kundi na kundi pawe na mita 100 au zaidi. Sababu ni lori. Dereva wa lori anaweza kupita baiskeli tano, akarudi upande wake, akasubiri, akapita tano nyingine. Mstari wa kumi na wawili hawezi kuupita kwa mara moja. Atajaribu, gari litatokea mbele, naye atarudi kushoto mlipo.

Kiongozi wa mbele anashika mwendo wa mtu wa polepole zaidi, nao mwendo huo ujulikane kabla ya safari kwa kuendesha pamoja km 50 wikendi mbili. Nyuma kabisa awepo mshika mkia, mwenye uzoefu, zana na simu yenye chaji, ambaye hampiti mtu yeyote hata kwa sababu gani. Kwenye kila njia panda anayemfuata kiongozi anasimama na kubaki hapo hadi mshika mkia afike, kisha wanaendelea pamoja. Kwa utaratibu huu hakuna anayepotea, hata simu zikikosa mtandao.

Mtu akipata pancha, wanaobaki ni yeye, mshika mkia na mmoja wa kusaidia. Wengine waende hadi kivuli cha karibu, kisichozidi km 2. Kundi zima likisimama juani kumtazama mtu mmoja akipaka gundi, maji yanakwisha kwa watu kumi badala ya watatu.

Ajali za ndani ya kundi zina chanzo kimoja kikubwa: gurudumu lako la mbele kupishana ubavuni na la nyuma la mwenzako. Akikwepa shimo anakugusa, yeye hasikii kitu, wewe unaanguka. Acha nafasi ya baiskeli moja nzima, na mbili mkiteremka. Anayetangulia apaze sauti "Shimo!", "Matuta!", "Ng'ombe!", na kila mmoja arudie kwa wa nyuma. Wa mwisho aseme "Gari nyuma!" Mbuzi akivuka, punguza mwendo hata kama njia imeshakuwa wazi. Mtoto wake anakuja.

Kuhusu muda, hesabu ni hii: km 85 kwa mwendo wa km 16 kwa saa ni saa tano na dakika 20. Vituo vitano vya dakika 20 ni saa moja na dakika 40. Mkitoka saa 12 asubuhi mtafika saa 7 mchana, bila pancha. Pancha tatu, ni saa 8 na zaidi. Ndiyo maana vituo vipangwe, viwe na saa, na kiongozi aseme "dakika tano zimebaki" kwa sauti. Vituo ndivyo vinavyokula siku, milima haina hatia kubwa.

Maji, chakula na joto

Kila mtu aondoke Matuu na lita 3. Kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na joto likikaza hadi lita moja, kwa mafunda ya mara kwa mara. Maji matupu kutwa nzima nayo ni hatari, kwa sababu jasho linatoa chumvi: mtu hunywa sana, akaumwa kichwa, akatapika, watu wakamwongezea maji. Chupa moja kati ya mbili iwe ya mchanganyiko: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Si zaidi ya hapo kwa chumvi.

Kula kila dakika 45 kabla njaa haijauma. Ndizi mbivu mbili, chapati moja iliyokunjwa, kiazi kitamu cha kuchemsha, njugu. Nyama choma na ugali ngojeni jioni. Mkivila saa sita, saa saba kundi zima limelala.

Mwenzenu akianza kujibu ovyo, kuyumba, au ngozi ikiwa moto naye haeleweki, hiyo si uchovu. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kusimama, maji mengine kwapani na shingoni, na mmoja apige 999 au 112. Asiyeweza kushika chupa mwenyewe asinyweshwe.

Mtoni

Tana na mabwawa yake yana viboko na mamba. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na hurudi alfajiri kwa njia ile ile, mfereji mpana uliokanyagwa, wenye majani mafupi na samadi iliyotawanywa pembeni. Hema likiwa kwenye njia hiyo, mmejiweka kati yake na maji. Laleni kwenye malazi au uwanja ulio mbali na ukingo, ombeni ruhusa kwa mwenyewe au kwa mzee wa kijiji, na maji mchoteni bombani. Msisimame ukingoni kuosha vyombo mahali pale pale asubuhi na jioni. Mamba hujifunza saa zenu.

Mwea hatari ni ndogo kwa umbo: kichocho. Konokono wa mifereji ya mpunga hubeba vimelea vinavyopenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa kugusa maji tu. Msitumbukize miguu hata kama imewaka moto, na tope la baiskeli lioshwe kwa maji ya bomba. Aliyeanguka mferejini ajifute haraka na taulo kavu, kisha apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Njia nzima ya chini ina mbu wa malaria. Bebeni vyandarua, na kinga ya dawa mzungumze na daktari kabla ya kuondoka.

Kupakia Sagana

Lori au matatu yenye keria juu iagizwe mapema na bei ikubaliwe kwa idadi ya baiskeli, si kwa kukadiria. Geuzeni usukani sambamba na fremu, fungueni pedali (ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia, kinyume cha mazoea), na mlaze upande wa cheni ukiwa juu ili mashine ya gia isipinde. Baiskeli ya pili igeuzwe kichwa kwa mkia na kati yake muweke katoni. Kamba ipite kwenye fremu, isipite kwenye spoki wala waya za breki. Pedali na boliti ziingie kwenye mfuko wa mwenyewe zikiwa na jina lake. Hesabuni baiskeli kabla ya gari kuondoka, muhesabu tena Thika ikiwa gari litasimama.